Plasta ya Chini ya Dirisha

Mama Saidi,

Hamjambo hapo Pangani? Mimi mzima, ila mikono imekufa ganzi kwa tindo, na mvua kila siku inanichelewesha kurudi kwenu. Hapa Kasulu tunabandua plasta ya sementi kwenye kanisa la zamani. Inafungia maji ukutani, matofali yanageuka unga, tunarudishia chokaa. Mama Anastazia, anayetupikia ugali wa muhogo, aliniomba siku ya kwanza: "Fundi, pale chini ya dirisha pawe pa mwisho. Plasta ile aliipiga marehemu mume wangu."

Nimezunguka kanisa zima. Pamebaki pale tu. Kesho atakuja kukaa nami mpaka niimalize.

Wabusu watoto. Nimechoka, natamani kurudi nyumbani, lakini nisamehe mke wangu: kesho naomba mvua inyeshe.

Baba Saidi