Mary Kumi na Tisa

Mjini Sori, Jumanne. Mvua imepiga mabati tangu asubuhi na njia ya sokoni ni tope tupu, lakini leo hata tope silitukani.

Nimepata.

Mara ya tatu, nimepata. Miezi kumi ya utafiti chuo kikuu, nafasi waliyotangaza kwa wanahistoria na watafiti wa utamaduni: ofisi yangu, maktaba yote wazi, posho, na mwisho wake kitabu. Walioomba ni mia mbili na kumi na moja. Waliochukuliwa ni wanne. Piga hesabu mwenyewe; mimi nimeshaipiga mara tatu.

Barua pepe iliingia nikimpimia Ochieng', fundi wa paa, misumari ya inchi nne. Nikasoma huku naendelea kumwaga. "Mathe, leo umeokoka?" akauliza. Kilo mbili zilikuwa zimefika mbili na nusu. Miaka kumi na sita ya kuuza vifaa vya ujenzi, na hiyo ndiyo mizani ya kwanza kunishinda. Nikamwachia. Asizoee.

Acha niandike ukweli mapema, kwa sababu kesho watanipongeza hata walionicheka. Shahada yangu niliisoma wakati wa likizo za shule, nikikaa darasani na walimu, miaka saba. Mara ya kwanza kuomba nafasi hii, pale fomu inapouliza taasisi unakofanyia kazi, niliacha wazi. Wakasema fomu haijakamilika. Mara ya pili niliandika "sina". Nikakosa tena. Msomi mmoja niliyemwomba barua ya kunidhamini aliniambia nitulie na mabati yangu, historia ina wenyewe.

Sijamsahau. Sitajifanya nimemsahau.

Lakini kosa kubwa lilikuwa langu, si lao. Swali langu ni moja: ilikuwaje kule Suba, nilikozaliwa, Kisuba kikaisha midomoni mwa watu na Dholuo, lugha ya Wajaluo, kikakaa? Wazee wa kiume walinitajia baba zao, vizazi kumi na viwili bila kukwama, na mama hata mmoja hayumo. Kwa hivyo nikawaendea nyanya, sitini na wanne, kutoka Karungu hadi Kisegi. Na mimi, mtu wa risiti, nikaandika kila jina jinsi lilivyo kwenye kipande, yaani kitambulisho. Kufika nyumbani nahesabu: Mary kumi na tisa. Daftari limejaa, na sijui kitu.

Huku kwetu mwanamke akiolewa, hufuatwa na jina la alikotoka. Nyar fulani, yaani binti wa mahali fulani. Mimi mwenyewe wateja huniita Nyar Kisegi kutwa nzima, na bado sikuandika jina hata moja la namna hiyo.

Nilikuwa nimewafuta kwa kalamu yangu mwenyewe.

Ikabidi nirudi kwa wote. Dani mmoja wa Kisegi, dani ndiye nyanya kwetu, alinicheka mpaka akashika mbavu. "Mary ni wa kipande na wa kanisa, nyathina, mwanangu. Mimi ni Nyar Karungu." Nikamwambia mimi nimezaliwa huku kwake, nikaolewa kule kwao. "Aa! Basi tulipishana njiani. Mbona hukunisalimia?"

Aliolewa Kisegi bila neno moja la Kisuba. Mama mkwe akimsemesha Kisuba, yeye akijibu Dholuo, na watoto wake tisa wakafuata ulimi wa aliyewabembeleza. Nikapanga daftari upya. Walioolewa katika nyumba za Kisuba ni thelathini na wanane. Kati yao, thelathini na mmoja walitoka kwenye Dholuo. Wazee walihesabu baba tu, na hesabu ikakataa kufunga. Nilipoweka mama, ikafunga.

Mara hii, kwenye taasisi, niliandika: Duka langu la vifaa vya ujenzi, Sori, mkurugenzi ni mimi. Siku ya mahojiano profesa mmoja akauliza ni nani alisimamia utafiti wangu. Nikasema, "Dani wa Kisegi. Alikataa kazi ya kwanza, akanirudisha nianze upya." Halafu mama mmoja kwenye jopo akacheka, akaandika kitu.

Sasa wanataka jibu kabla ya Ijumaa: jina langu liandikweje kwenye mlango wa ofisi?

Nimempigia dani kwanza, kupitia simu ya bintiye. Chuo hakikumshangaza, wala miezi kumi. Aliuliza moja tu: "Umewaambia wewe ni nyar wapi?"

Nilikuwa nimeshajaza jina la kipande. Mary. Ndiyo, Mary wa ishirini ni mimi.

Nimelifuta. Nimeandika Nyar Kisegi, nikatuma, na Ijumaa bado iko mbali. Yule msomi wa mabati akipita kwenye mlango huo, aulize maana yake. Nitamweleza polepole, na kwa kilo kamili.