Mgeni wa Sultani

Jumapili, Kibagabaga. Manyunyu tangu alfajiri, na moyo umetulia kidogo kuliko wiki iliyopita.

Sultani amekula leo. Punje chache tu za mtama, kisha akajichokonoa manyoya. Mama kamwona kupitia kioo cha mlango, maana hawaruhusiwi bado kukaa chumba kimoja, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti iliyokwaruza.

Niandike yote, hata yasiyonipendeza.

Sultani ni kasuku mdogo wa kufugwa, wa kijani, hazidi kiganja changu. Nilimnunulia Mama alipohamia kwangu kutoka Tanga baada ya Baba kufariki. Kinyarwanda hakijui, na majirani huishia kumpa tabasamu. Mimi nashinda kazini Masoro, kwenye maghala, narudi giza limeshaingia. Kwa hiyo kutwa nzima mwenzake ni Sultani. Mwezi uliopita nikaona nimletee Sultani naye mwenzake. Tukamwita Malaika.

Mama alitaka akae kwanza jikoni, peke yake. "Mwanangu, hata mzazi hutulia ndani siku arobaini, sembuse kiumbe katoka sokoni, hatujui kalala na nani?"

Nilicheka. Nikamwambia kwetu mgeni hatengwi, nikafungua tundu la Sultani nikamtia humo humo. Nilijiona mkarimu kweli.

Hatengwi! Ulimi wangu huu.

Hazikupita wiki mbili, Malaika akajitutumua manyoya, macho yakitoa maji, kinyesi cha kijani na majimaji. Asubuhi moja nikamkuta amekufa. Sultani naye akaanza vilevile. Na Mama, ambaye hufagia lile tundu kila siku mpaka vumbi linapaa, akashikwa na homa na kikohozi kikavu. Hospitali walituuliza mengi, wakampa dawa ya kifua. Habari za ndege sikuzitaja. Niliogopa watatuambia tumwondoe Sultani.

Hilo ndilo linalonichoma.

Jumatatu nilimwita daktari wa mifugo, bwana mmoja mpole. Alimtazama Sultani kwa muda, akauliza, "Huyu mupya, mulimuweka peke yake siku ngapi?" Nikajibu hata saa moja hakukaa. Hakunigombeza. Kisha akamsikia Mama akikohoa chumbani.

"Na mukecuru iko anakohoa tangu lini? Rudi naye hospitali leo. Sema muko na ndege mu nyumba."

Akanieleza kwamba huenda ni homa ya kasuku. Ndege huweza kuibeba bila kuonyesha dalili, na binadamu huivuta pamoja na vumbi la kinyesi kilichokauka. Tundu lilowanishwe kwanza ndipo lisafishwe, tena pua na mdomo vimefunikwa. Ndege mgeni atengwe wiki kadhaa. Dawa ya Sultani ni ya siku arobaini na tano. Mama aliposikia hesabu hiyo alirudia, "Arobaini," akinitazama.

Siku ile ile tulirudi hospitali, nikasema kila kitu. Wakambadilishia dawa. Homa imeshuka tangu juzi, na leo ameomba uji wa pilipili manga.

Nilipompelekea, nikamwomba radhi kwa kumcheka. Akanywa mafunda mawili.

"Nimeshakusamehe. Lakini yule wa pili, nani alikuomba?"

Jibu nimelitafuta mchana kutwa, na sasa ninalo, ingawa linanitia aibu. Malaika sikumnunua kwa ajili ya Sultani. Nilimnunua ili nikichelewa kurudi nisisikie vibaya. Mama hakuwahi kuniomba ndege wa pili. Kila asubuhi, nikivaa viatu mlangoni, huniuliza jambo moja tu: "Utarudi saa ngapi?" Nami hujibu, "Nitaona, Mama."

Kesho akiniuliza, nitamtajia saa. Na saa hiyo nitakuwa nagonga mlango.