Kofia Nne za Kamal

Gorofa ya nne,
Tottenham, London.
16 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Ghalia,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Ni mimi Zahra, yule asiyekuja kwenye simu. Goti lako linaendeleaje? Mama aliniambia sasa unaswali juu ya kiti, na kwamba paa la jikoni limeshaezekwa. Natumai mvua za vuli hazikuingia ndani. Sisi hatujambo. Baridi imekuja mapema na Harith anakohoa usiku, lakini anakwenda skuli.

Barua hii anakuletea Ameir, jirani yetu, anayekuja Wete kumtazama mama yake. Nimeifunga kwa gundi. Tafadhali isome kwanza peke yako, ukiwa umekaa.

Umemuuliza Baba mara nyingi kama nimeanza kazi, naye anakwambia bado kidogo. Sitaanza, Shangazi. Imeshindikana.

Nadhani hukuelezwa vizuri ni kazi gani. Kuna fundi mmoja Southall, Bwana Harbans, Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Anatia nakshi kwenye bunduki za kuwindia, majani na maua na ndege, kwa patasi nyembamba kuliko msumari. Skuli ilitupeleka kumwona. Wenzangu waliuliza maswali. Mimi niliona haya, nikamwonyesha tu daftari langu. Ndani nilikuwa nimechora vitundu vya zile kofia za viua unazomshonea mwanao Kamal kila mwaka kwa Idd, maana nimezitazama sana. Akavaa miwani, halafu akasema kwa Kiswahili, "Binti, nani alikufundisha kuacha nafasi? Hawa wote wanajaza tu." Nikamwambia ni shangazi yangu. Tangu hapo nikawa naenda kwake kila Jumamosi, na akasema nikimaliza skuli meza ya dirishani ni yangu.

Bunduki zenyewe sizipendi, na mlio wake sijawahi kuusikia. Lakini kwa sheria ya huku mtu hawezi kuachiwa peke yake na bunduki, hata iliyofunguliwa vipande, bila cheti cha polisi. Bwana Harbans jicho lake moja limekwisha, alitaka niwe nafungua na kufunga karakana mwenyewe. Basi nikaomba cheti. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mtoto hawezi kuagiza chipsi dukani, leo anaomba bunduki!"

Niliomba Novemba ya mwaka jana. Barua ya daktari ilichukua miezi mitatu. Faili likahamishwa kwa mtu mwengine, naye akaenda likizo. Nilimaliza skuli mwezi wa sita, rafiki zangu wakaanza kazi zao, mimi nikawa nasubiri mlango ugongwe. Uligongwa Agosti.

Alikuja afisa wa polisi, mwanamke mpole, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akaniuliza ninaishi na nani. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika tuko wanne: Baba, Mama, Harith na mimi. Akatazama karatasi zake, akasema kuna mtu wa tano, Kamal, ambaye miaka miwili nyuma aliwapa polisi anuani hii.

Hapa ndipo nilipotaka uwe umekaa, Shangazi. Kamal haishi nasi. Alikaa miezi minne tu, mwaka ule aliofika, kisha akaondoka bila kutuambia anakwenda wapi. Anuani yetu akaendelea kuitumia, kama wengi wanavyofanya hapa, ili barua zake zifike mahali pa uhakika. Wewe ulikuwa umelazwa kwa presha, Baba akaogopa kukwambia. Ndiyo maana kila ukipiga simu kumuulizia Kamal anakujibu, "Katoka kidogo." Alidhani atasema hivyo mara mbili tatu. Sasa ni miaka minne. Kamal naye akikupigia anasema yuko kwetu. Kwa hiyo walioamini kwamba anaishi hapa walikuwa wewe na polisi tu.

Yule afisa akauliza, "Huyu Kamal, yupo?"

Baba akajibu papo hapo, "Yupo. Katoka kidogo tu."

"Analala wapi?"

Baba akaonyesha sofa.

Sidhani hata kama alifikiri. Mtu akimuulizia mtoto wa dada yake, yeye humsitiri, basi. Harith akafungua mdomo, Mama akamkanyaga mguu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa, na mimi ndiye niliyeandika wanne. Ilitosha niseme sentensi moja. Nikatazama soksi za yule afisa, zilikuwa na picha za bata. Akaandika.

Polisi walikuwa na jina lake kwa sababu alikutwa na kisu mfukoni. Hakumdhuru mtu yeyote, nimesoma mwenyewe kwenye waraka wa polisi. Mahakama ilimpa adhabu ya kufanya usafi mitaani. Sisi hatukujua. Barua zake tulikuwa tunazitia kwenye droo bila kuzifungua, kwa kuwa si zetu, naye haji kuzichukua.

Jibu lilikuja tarehe sita Oktoba. Nimenyimwa. Wameandika kwamba nilificha mtu anayeishi nyumbani, mtu mwenye kosa la silaha, na kwamba neno langu haliaminiki. Baba alivaa suti yake ya harusi akaenda kuwaambia ukweli. Wakamwuliza kama alisema uongo siku ile au anasema uongo leo. Wakamwambia alete karatasi yoyote inayoonyesha Kamal anaishi wapi. Tukampigia, hapokei. Tulikuwa na siku ishirini na moja za kukata rufaa. Zimekwisha.

Niliogopa kwenda kumwambia Bwana Harbans, lakini nilikwenda. Aliusoma ule waraka karibu na dirisha, mara mbili. Akasema, "Baba yako ni mtu mzuri. Hii ndiyo shida." Anafunga karakana mwisho wa mwezi huu, hawezi kusubiri mtu mwengine kwa jicho moja. Alinipa bamba la chuma nililokuwa nafanyia mazoezi, lenye vitundu vya kofia zako. Jumatatu naanza kupanga rafu kwenye duka la nguo. Nitazoea.

Baba ndiye aliyeniambia nikuandikie. Alijaribu kwa simu mara mbili, akaishia kukuuliza habari za paa. Amekonda. Kila nikiingia sebuleni anahama kwenye sofa, kana kwamba kuna mtu anataka kulala. Ukimpigia, nakuomba usimgombeze. Mimi sijamgombeza. Nilikuwepo, na ukweli niliuficha kama yeye.

Wala sikuandiki ili unisaidie kazi. Ile imekwenda. Ila kofia zako nne zipo kwenye droo pamoja na barua za Kamal. Hazijavaliwa hata moja, bado zimekakamaa kwa wanga. Najua umeshaanza kushona ya Idd ijayo. Usiitume hapa, Shangazi. Siku Kamal akikupigia, usimuulize habari za kisu wala za kwetu. Muulize tu analala wapi. Akikwambia, mimi mwenyewe nitampelekea zote nne, na nitagonga mlango, na safari hii nitasema yote.

Nisalimie Mjomba Muhsin, na Bi Zainab wa jirani. Mama anakusalimu sana, Harith pia. Baba anakusalimu, ingawa hajui aniambie niandike nini.

Mwenyezi Mungu akupe afya, na akulindie mwanao popote alipo usiku huu.

Akupendaye, na leo anakuogopa kidogo,
mtoto wa kaka yako,
Zahra