Kicheko Chako na Jalada la Mjomba

Karakana ya Mabango,
Chumba cha nyuma.
9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Machachari,

Pokea salamu zetu tele. U hali gani huko uliko? Wifi yangu hajambo? Kile kifua kilichokuwa kikimsumbua kimepona? Sisi tu wazima, ila goti langu linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Mjomba mwilini hajambo. Moyoni ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Nimeziona video zako za kuyacheka majalada ya michezo ya kompyuta. Sikatai, unachekesha. Yule simba mwenye meno ya binadamu alinifanya nimwage chai juu ya bango la mteja. Basi usije ukasema dada yako hajui mzaha.

Lakini hii ya mwisho imenikera, na sitapindisha maneno. Lile jalada la askari mwenye suruali ya kijani alilichora Mjomba, hapa hapa karakanani, enzi zile uko darasa la pili. Saini yake iko chini ya kiatu. Uliikuza picha mpaka vidole vya askari vikajaa kioo kizima, saini hukuiona!

Ulisema mchoraji hakuwahi kuucheza mchezo wenyewe. Kweli, hakuucheza. Angeuchezea wapi? Wenye mchezo walimpigia simu wakamwambia: askari, moshi, fanya haraka. Mchezo ulikuwa hata haujakamilika. Ungeuliza hayo ungepata kichekesho kizuri zaidi, na kicheko kingewaangukia wanaostahili. Sisemi kwamba mzaha hauwezi kuwa uhakiki. Unaweza, tena unauma kuliko hotuba. Ila mhakiki hutazama kwanza, ndipo akacheka. Wewe ulikuja umeshacheka.

Fundi wa fremu ndiye aliyemwonyesha Mjomba video yako, akidhani atafurahi. Mjomba aliketi juu ya ndoo ya rangi, akatazama mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Imeisha? Mbona hajasema chochote kuhusu ule moshi?" Moshi ule, ndugu yangu, aliufuta na kuurudia mpaka mkono ukavimba. Tangu siku hiyo brashi zake zimekaukia koponi. Mwenye duka la viatu akija kuulizia bango lake, anajibiwa, "Tafuta mwingine, mimi nachekwa." Anayebaki kuwabembeleza wateja ni mimi. Nimechoka!

Alinikataza nisikwambie linalofuata, eti usije ukaaibika. Wewe umemwaibisha mbele ya walimwengu, kwa hiyo nasema.

Ulimcheka askari yule kwamba kashika bunduki kama anayefagia, tena kakunja uso kama anaumwa tumbo. Machachari, ule ulikuwa ufagio. Mjomba hakuwa na bunduki, wala askari wa kumtazama. Alimsimamisha mtoto wa dada yake juu ya meza, akampa ufagio wa uani, na mtoto akanuna kwa sababu alitaka kwenda kucheza. Masharubu aliyaongeza baadaye. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Wewe umeliona, ukalicheka, usijue ni lako.

Itazame tena picha ile, taratibu. Kisha mpigie Mjomba, umwambie neno moja la kweli kuhusu moshi.

Msalimie sana wifi, na wanangu wawili waambie shangazi yao anawapenda. Mama mdogo na fundi wa fremu wanakusalimu. Mola akulinde, akujalie macho yanayotangulia mdomo.

Wako akupendaye, hata akikufokea,
Dada yako.