Wamemuua Oru Tena

Kitengela, 6 Septemba 2025

Lemein ndugu yangu,

Sopa. Uko aje huko Namanga, na mke wako? Sisi ni wazima, ila hasira inanichoma.

Ile gemu ya Wana wa Radi, ya tisa sasa, imefika hapa kwa duka langu. Nilifunga mchana wote niicheze kwanza mwenyewe. Lemein, ni ile ile! Mji ule ule, adui yule yule. Kitu wamebadilisha ni mvua. Na mbaya zaidi, wamemfufua Oru, shujaa wa ile ya zamani, ndio wamuue tena pale pale kwa daraja, na maneno yale yale. Oru! Yule tulimlilia mwaka tulizika baba, mpaka mama akauliza ni nani mwingine amekufa. Nimeitoa kwa duka. Hakuna mtu ataicheza hapa.

Dada yako,
Naisenya

Namanga, 10 Septemba

Dada,

Epa. Tuko salama, malori tu ndiyo mengi mpakani.

Sasa hasira ya nini? Ni gemu. Watu hupenda kitu wanajua. Hata nyimbo za kanisa tunarudia kila Jumapili na hulalamiki. Irudishe, usifukuze wateja. Mimi nimenunua yangu tayari.

Ndugu yako,
Lemein

Kitengela, 13 Septemba

Lemein,

Natumai hamjambo. Wimbo wa kanisa hakuna mtu hukuambia ni mpya! Wateja wengine wamehamia kwa jirani, na waende. Nzula, anayecheza hapa miaka yote, ameniambia, "Hawa wanatuona ng'ombe. Wakipiga mluzi, tunarudi kwa maji." Usiniandikie mpaka ufike kwa daraja.

Dada yako,
Naisenya

Namanga, 4 Oktoba

Dada yangu mpendwa,

Sopa. Mama naye anaendeleaje? Nimenyamaza kwa aibu.

Nilifika kwa daraja. Nilikuwa nimemwita mke wangu akae aone mahali mimi na wewe tulilia. Oru akasema yale maneno, akaanguka. Mke wangu akauliza, "Ni hapa?"

Dada, sikusikia kitu. Nilingoja machozi kama mjinga. Na sasa hata nikikumbuka ile ya zamani, naona hii. Hiyo ndiyo wameniibia, na siwasamehe.

Nakuja Jumamosi. Tutawaandikia hao watu wanatengeneza gemu pamoja. Wewe anza kwa heshima, mimi nitaongeza matusi.

Ndugu yako,
Lemein