Matobolwa ya Watu Wasio na Shangazi

Goweko, Jumapili jioni

Mke wangu mpendwa, Mama Elia,

Nakusalimu kutoka huku kwenye mchanga na jua, nikitumaini baridi ya Lushoto haijakuumiza tena magoti. Mama anaendeleaje? Bado anakataa uji usio na ndimu? Mfikishie shikamoo yangu kabla hujasoma zaidi, maana akijua barua imefika naye hajasalimiwa, atasema mkwe wake ameshakuwa Mnyamwezi. Mimi ni mzima. Nyumba niliyopewa ina vyumba vitatu, na viwili sina kazi navyo. Jioni treni ikishapita kijiji hunyamaza, nami huwasha redio, si kwa kuisikiliza, bali ili pawe na mtu anayesema.

Uliniuliza kwenye simu ninafundisha nini hasa, mtandao ukakatika. Nikueleze taratibu. Mradi huu unawakusanya vijana waliomaliza shule bila ajira, wajifunze kuanzisha biashara: kuchagua bidhaa, kujua gharama, kumtafuta mteja. Kila mara nawaambia kwamba biashara haianzi na bidhaa, inaanza na mtu aliyepungukiwa kitu. Ubaoni nalisema vizuri sana. Sasa sikia nilivyolisahau.

Kikundi kilichobaki hai ni cha binti mmoja, Kulwa. Wao wanatengeneza matobolwa, yaani viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikauke. Ni matamu, hasa kwa chai. Waajiri wetu walishasema kikundi hiki kisipouza, mradi unafungwa na mimi narudi nyumbani. Baba yake Kulwa naye alishasema: mzigo ukirudi, binti anarudi kwenye shamba la tumbaku.

Mimi ndiye niliyeshauri vifungashio vidogo vyenye utepe, tukavipeleka Tabora mjini, mtaa wa Isevya, kwenye maduka. Mama mmoja mwenye duka alikigeuza kifurushi mkononi, akacheka.

"Mwanangu, mbona mmeyavalisha kama bibi harusi?"

"Ni ya kuuza, mama," Kulwa akamjibu.

"Kumuuzia nani? Shangazi yangu wa Urambo ananiletea kiroba kizima. Akisikia nimenunua matobolwa, atanuna mwaka mzima. Atauliza, kwani yeye amekufa?"

Duka la pili hivyo hivyo, na la tatu. Huku, mke wangu, matobolwa ni kitu cha kuletewa na ndugu. Kuyanunua ni kutangaza kwamba kwenu hakuna mtu. Mtoto wa hapa analijua hilo tangu akiwa ananyonya, lakini Kulwa aliniamini mimi kwa sababu mimi ni mwalimu.

Tulirudi na mzigo wote. Sitakuficha, njiani nilishaanza kukunja shuka zangu mawazoni. Niliona ukungu wa kwetu, nikakuona wewe ukifungua mlango. Kulwa akaniuliza:

"Mwalimu, kwani wewe kwenu unaletewa nini?"

"Mapeasi. Lakini mpaka yafike huku yameshaoza."

"Ungeyaona yanauzwa hapa Goweko, ungenunua?"

"Hata kwa bei ya kuniibia."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Basi tumekosea watu. Tumewapelekea wenye mashangazi."

Treni iliyofuata aliingoja stesheni na wenzake. Ndani mna watu wa Unyamwezi wanaokwenda kukaa mbali na kwao: wauguzi, askari, wanafunzi, mabinti walioolewa pwani. Aliinua kifurushi dirishani, akawa anaita, "Huko unakokwenda nani atakuletea?" Mzee mmoja alinunua vitatu, akavifungia kwenye koti lake. Mzigo uliisha kabla treni haijaondoka.

Kwa hiyo mradi unaendelea, na waajiri wameniomba nibaki msimu mwingine. Niliwaomba wanipe muda.

Jana Kulwa alikuja na kiroba, akakiweka mlangoni. Nikatia mkono mfukoni. Akarudi nyuma kana kwamba nimemtukana.

"Vya utepe ni vya watu wasio na mtu. Hiki ametuma baba. Wewe huuziwi."

Alipoondoka nilikaa na kile kiroba mpaka chai ikapoa. Kisha nikawajibu kwamba nitabaki.

Usinikasirikie kabla hujaonja. Najua huwezi kumwacha mama uje huku, nami sikuombi. Nimekigawa kiroba, nusu inakuja na barua hii kwa basi. Nimeifunga kwenye kitambaa, bila utepe.

Msalimie shemeji anayetutunzia miti, na jirani yetu mwalimu wa kwaya. Mwambie sauti ya nne huku wanaiimba vibaya kuliko mimi. Elia akipiga simu, mwambie baba yake anakula vizuri.

Mumeo, ambaye sasa ana mtu wa kumletea, ila hana wa kula naye,

Baba Elia