Asali Yetu Haikutiwa Maji

Hirbadaw,
Wilaya ya Mbulu,
9 Julai 1953.

Kaka mpendwa Sebastiani,

Shikamoo. Hujambo huko kwenye mkonge wa Korogwe? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila baridi ya Hanang inatuuma. Nakuamkia vizuri kwa sababu mama amesimama nyuma yangu. Kwa hasira niliyo nayo ningeanza na matusi.

Asali yako ya kumposea Scolastica ilikataliwa! Baba yake, Mzee Tadei, aliimimina mbele ya wazee: asali safi ikianguka hujikunja chini kama kamba, yenye maji hutumbukia tu. Yetu ikatumbukia. Akasema, "Mmetuletea maji." Watu wakacheka. Baba yetu akainama kama mwizi.

Na kosa ni la baba mdogo Joakimu! Alikiweka kibuyu cha asali karibu na moto eti asali itoke upesi. Halafu akaendelea kutafuna, mdomo umejaa nyama ya wenyeji wetu. Kaka, nilitaka kumng'ata.

Nikasimama mimi. Uzi wa asali una kanuni, nimeipata mwenyewe kwa rula ya shule na viboko vya mama kwa asali niliyomwaga: ukiinua kibuyu, uzi unakuwa mwembamba na mizunguko inakuwa midogo, ya mbio; ukiipasha asali moto, haizunguki kabisa. Wewe unaanika nyuzi za mkonge kutwa, umegundua nini?

Nikamwambia, "Mzee, asali hii ina moto. Ikipoa nikaimimina toka kimo cha shubiri moja, itajikunja upana wa kifungo cha koti lako. Nikiinua hadi gotini, upana wa punje ya mtama."

"Wewe wa darasa la nne, kaa chini," mzee akasema.

Sikukaa. Ilipopoa nikamimina. Kifungo! Nikainua. Mtama! Scolastica akapiga kigelegele huko ndani, mama yake akamziba mdomo.

Unadhani mzee alikubali? Alijifuta mikono, akasema, "Asali imejitetea. Mwenye asali yuko wapi? Mwaka wa pili huu namsikia tu, simwoni." Kaka, kwa hilo sikuwa na kanuni. Usipofika kabla ya mvua, Scolastica ataposwa na mtu wa kijiji cha Masieda.

Mama anakusalimu, na dada Perpetua pia. Salamu za Joakimu nimekataa kuziandika.

Mungu akulinde ukiwa njiani. Ukibaki huko, sijakuombea kitu.

Mdogo wako akupendaye kwa hasira,
Patriki